Nipulizie Moto, Mume Wangu

Paukwa!

Pakawa!

Nani hakuitika? Sauti moja imekosekana. Mimi ni mzee, lakini masikio yangu bado yanawajua mmoja mmoja. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Na wewe uliyejifunika blanketi, funua mdomo, simsimulii mtu nisiyemwona meno. Babu yenu pale kwenye kona mwacheni asinzie, leo amepalilia tangu asubuhi. Anasema amepalilia. Nimekwenda kuangalia, amepalilia kweli.

Hapo zamani za kale, mianzi ilikuwa ikisalimiwa inaitika, na kuku na paka walikuwa wanasema kama mimi na nyinyi, tena wanasema sana. Huku huku kwetu kwenye baridi palikuwa na mtu na mkewe. Mume aliitwa Kihwelo, mke aliitwa Sekela. Walikuwa na nyumba moja, shamba moja la mahindi, na kichaka kimoja cha mianzi kule bondeni.

Mwanzo walikaa vizuri. Kila asubuhi Kihwelo alishuka bondeni na kisu chake kugema ulanzi. Kugema mnakujua? Unakata ncha ya chipukizi la mwanzi, kipande chembamba tu, halafu unafunga mbeta chini yake, kile kikombe cha mwanzi, matone yanaingia yenyewe. Asubuhi unakata, jioni unakata tena. Ulanzi uliotoka asubuhi ni mtamu, hata mtoto anakunywa. Ukilala unakuwa mkali, na huo ni wa watu wazima wasio na kazi kesho yake. Basi Kihwelo alikuwa anapandisha mbeta moja ya mtamu, wanakunywa wawili mlangoni. Huyu anapiga funda, huyu anapiga funda. Kamwene mke wangu, kamwene mume wangu, wanasalimiana, wanacheka, na hakuna anayemchungulia mwenzake.

Kisha mvua kubwa zikaja. Mianzi ikatoa ulanzi kupita kiasi, na magugu nayo yakatoka kupita kiasi, maana msimu wa ulanzi na msimu wa palizi ni ule ule mmoja. Sijui nani aliyepanga hivyo. Hakuwa mwanamke.

Kijiji kile watu walipalilia kwa zamu. Leo wote kwa huyu, kesho kutwa wote kwa yule, na mwenye shamba anawawekea walimaji kibuyu cha ulanzi mkali wa kunywa kazi ikiisha. Zamu ya kina Sekela ikafika. Walimaji wakapalilia nusu ya shamba mpaka jua likaelemea. Sekela akaingia ndani kuleta kibuyu. Akakiinua, kikainuka chepesi. Akakitikisa, kimya. Akakipindua, likatoka tone moja, nalo lilichelewa.

"Mume wangu, ulanzi wa walimaji umekwenda wapi?"

"Panya," akasema Kihwelo.

Panya! Kibuyu kina kizibo, kizibo kina kamba, kamba ina fundo. Ni panya gani anayefungua fundo, anakunywa, anapangusa mdomo, halafu anafunga tena? Walimaji wakaangaliana. Wakachukua majembe yao wakaondoka. Sekela aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na siku hiyo ndiyo alipoanza kumnusa mumewe.

Hakumnusa hivi hivi. Alikuwa mwanamke mwenye adabu. Jioni Kihwelo akaja kutoka bondeni, akasimama mlangoni.

"Kamwene, mke wangu."

"Kamwene. Nipulizie moto, mume wangu."

"Moto si unawaka?"

"Nipulizie tu."

Kihwelo akapiga magoti, akapuliza, fuu, fuu, fuu. Sekela akasimama upande ule moshi unakoelekea, akajifanya anaokota kijiti, pua wazi.

"Umekunywa."

"Nimekunywa mtamu tu. Wa asubuhi. Wa watoto."

Siku ya pili Kihwelo akafanya ujanja. Akatafuna majani ya mpera njia nzima. Nipulizie moto, mume wangu. Moto si unawaka? Nipulizie tu. Fuu, fuu, fuu. Sekela akanusa majani ya mpera. Akajiuliza, mtu asiyeumwa tumbo anatafuna majani ya mpera ya nini?

Siku ya tatu akatafuna vitunguu vibichi. Nipulizie moto, mume wangu. Moto si unawaka? Nipulizie tu. Fuu, fuu, fuu. Nyumba nzima ikanuka kachumbari, Sekela mwenyewe machozi yakamtoka, na mumewe anasema vile vile: "Mtamu tu. Wa asubuhi. Wa watoto."

Mnacheka. Chekeni. Lakini angalieni kilichopotea hapo. Mtu akija kwake jioni, badala ya kuulizwa umeshindaje, anapigishwa magoti. Na mke, badala ya kumtazama mumewe usoni, anautazama moshi. Hakuna aliyekuwa anacheka tena mlangoni. Iliniuma. Namaanisha, ilimwuma Sekela sana.

Akamwita kuku wake. Kuku alikuwa mama wa vifaranga saba, mwenye heshima zake.

"Kuku, kesho umfuate mume wangu bondeni. Uniletee ukweli."

"Ukweli utaletewa," akasema kuku, akajipangusa mdomo chini.

Asubuhi kuku akashuka. Jioni akarudi, lakini hakurudi kama alivyokwenda. Alikuja upande upande, akagonga mguu wa kigoda, akakiomba radhi.

"Umeona nini?" akauliza Sekela.

"Nimeona waume zako wawili," akasema kuku. "Mmoja anagema. Mwingine anakunywa."

"Wawili! Huyo wa pili ni nani?"

"Anafanana naye sana. Tena nimeona vibuyu vyako vinne, na wewe mwenyewe mko wawili, karibuni nyote." Halafu kuku akainamisha kichwa, akasema jambo moja la akili kabla hajalala: "Mbeta zake haoshi."

Sekela hakulisikia hilo la mbeta. Alikuwa anawaza huyo mume wa pili. Hata ukijua kuku amekunywa matone ya chini ya mwanzi, shaka ikishaingia kichwani haiulizi nani aliyeileta.

Akamwita paka. "Paka, wewe hunywi. Mfuate mume wangu, uniletee ukweli."

"Ukweli utaletewa," akasema paka.

Paka akashuka, akakaa kwenye majani, akaangalia. Kihwelo akamwona. Akacheka, akampa panya mnene. Paka akamla, akalamba ndevu, akapanda nyumbani tumbo mbele.

"Mumeo anakunywa mtamu," akasema. "Wa asubuhi. Wa watoto. Nimeona kwa macho yangu yote mawili."

"Na hicho ulichokula ni nini?"

"Njaa tu, mama."

Sekela akamtazama paka, paka akatazama ukuta. Na huyo paka, kesho yake, alirudi bondeni bila kutumwa. Akamwambia Kihwelo: "Baba, unipe panya mwingine nikueleze jambo. Mkeo anatuma watu wakuchunge. Tena kuna kitu anaficha. Anakikalia, amekifunika na ngozi ya mbuzi, haondoki pale."

Kitu chenyewe kilikuwa kibuyu kipya. Sekela aliwaangukia walimaji miguuni, wakakubali kuja tena kumaliza ile nusu ya shamba, na ulanzi wao safari hii aliulinda kwa makalio yake. Lakini Kihwelo hakujua. Kichwa cha mtu anayekunywa kila siku ni chepesi kuingiliwa. Akaanza kuwaza: kwa nini kila nikija ananipigisha magoti kwenye moto? Moto unawaka, bado nipulize. Macho yangu yanajaa moshi, sioni kitu. Na mlango wa nyuma uko wazi. Ni nani anayetoka kwa mlango wa nyuma mimi nikiwa nalia moshi?

Mmeona? Yeye aliyetafuna vitunguu ndiye sasa anayemshuku mwenzake.

Basi siku moja Sekela akasema moyoni, kuku kalewa, paka kahongwa, nitakwenda mwenyewe. Akazunguka njia ya juu, akajificha kwenye mianzi. Na siku hiyo hiyo Kihwelo akasema moyoni, leo sigemi, nitajua leo leo. Akazunguka njia ya chini, akajificha nyuma ya ghala. Mke yuko bondeni anachungulia kichaka kisicho na mume. Mume yuko nyumbani anachungulia nyumba isiyo na mke. Wamekaa hivyo mpaka jua likaenda kulala, miguu imekufa ganzi, kila mmoja anajiambia, ahaa, sasa nimemjua. Shamba lilikuwa katikati, na magugu yakiwa yanapanda taratibu bila wasiwasi.

Jioni wakakutana mlangoni.

"Umetoka wapi?" akauliza Kihwelo.

"Wewe umetoka wapi?"

"Mimi nilikuwa nagema."

"Muongo! Hukuwapo!"

"Na wewe umejuaje kama sikuwapo, kama ulikuwa hapa nyumbani?"

Kila mmoja akamwona mwenzake mgeni. Siku hiyo Kihwelo hakupuliza moto, na Sekela alichukua kikapu chake kile alichokuja nacho siku ya harusi, akakisimamisha nyuma ya mlango. Akatia mwiko. Akatia upawa. Akatia kibuyu cha mafuta, ushanga, chungu kidogo, nguo yake ya kaniki.

"Mume wangu," akasema, "sikufukuzi wala sikutukani. Uongo mmoja mwingine, na mimi nakwenda kwa mama."

Kihwelo akaogopa. Alimpenda mke wake, msifikiri hakumpenda. Asubuhi akapita kwenye mianzi bila kugeuza shingo, ingawa mianzi ilimwita, "Kihwelo, mbona hutusalimii leo?" Akaenda moja kwa moja shambani na jembe. Hakuonja hata tone. Akafika ukingoni mwa shamba, akasikia kra, kra, kra. Nguruwe pori! Ukoo mzima, baba, mama, shangazi, wamo ndani ya mahindi wanavunja.

Akawatupia mawe, wakamtazama tu. Mtu mmoja hawezi nguruwe kumi. Akakimbia nyumbani, akafika jasho linamtiririka.

"Sekela! Nguruwe wako shambani! Chukua debe, chukua jembe, twende!"

Sekela alikuwa amekaa juu ya ngozi ya mbuzi. Hakunyanyuka. Alijisemea, nikitoka hapa, atarudi kwa njia ya nyuma akichukue kibuyu cha walimaji.

"Nipulizie moto, mume wangu."

"Nguruwe, mke wangu! Wanakula mahindi!"

"Nipulizie tu."

Kihwelo akapiga magoti. Fuu, fuu, fuu. Sekela akanusa. Hakunusa ulanzi. Hakunusa majani ya mpera. Hakunusa kitunguu.

"Puliza tena."

Fuu, fuu, fuu.

"Puliza tena."

Fuu, fuu, fuu. Kihwelo alikuwa anapuliza na machozi, na safari hii si ya moshi. Sekela akasema: "Leo hata kitunguu sikisikii. Umepata dawa mpya ya kuficha."

Wanangu, mtu akisema kweli na kweli yake ikakosa pa kukaa, hapo ndipo utaona mwanamume mzima amekaa chini na mikono juu ya magoti. Kihwelo alikaa hivyo. Walipokwenda shambani hatimaye, kuku ndiye aliyepiga kelele, na Sekela akamwamini kuku, yule mlevi. Wakakuta mahindi yamelala. Ile nusu iliyopaliliwa, yote. Nguruwe mkubwa alikuwa anajisafisha meno ukingoni.

"Mtuwie radhi," akasema nguruwe. "Tulikaa tukingoja mtu wa kutufukuza. Hakuja mtu. Tukadhani tumealikwa."

Sekela alirudi nyumbani bila kulia. Akaokota mkeka, akauzungusha, akauchomeka kwenye kikapu. "Kesho asubuhi nakwenda," akasema. Wala hakumlaumu mumewe kwa siku hiyo, maana siku hiyo hakudanganya. Alijilaumu mwenyewe pia. Alichoka tu. Alichoka kunusa.

Kihwelo akashuka bondeni jioni ile. Na huko, nisiwafiche, alikunywa. Mbeta mbili. Angefanya nini kingine, mtu aliyezoea? Akamaliza, akainuka, akanyoosha mkono kwenye mpera, akachuma jani, akalipeleka mdomoni. Mkono ukasimama pale pale. Akalitazama lile jani. Akalitupa.

Akapanda nyumbani. Sekela alikuwa amekaa, moto unafifia mbele yake, makaa mawili tu yamebaki. Kihwelo akasimama mlangoni akingoja kuambiwa. Sekela hakusema nipulizie moto. Hiyo ndiyo iliyomtisha Kihwelo kuliko kikapu.

Akapiga magoti mwenyewe bila kutumwa. Akasogeza uso kwa mke wake, karibu kabisa, akasema:

"Nimekunywa. Mbeta mbili, mkali. Na juzi nilikunywa. Na ule wa walimaji ni mimi, si panya. Na ule niliokuwa nasema mtamu, wa asubuhi, wa watoto, ulikuwa unaingia mtamu kweli. Ila mbeta sikuosha. Naacha mashapo ya jana chini, naukingia juu yake, jua likifika utosini umeshachachuka. Mimi mgema, nalijua hilo tangu utotoni. Nilikuwa naapa kwa ule uliotoka kwenye mti, nakunywa ule uliokaa kwenye mbeta."

Sekela akamkazia macho. "Nani amekufundisha kusema hivyo?"

"Hakuna."

"Paka?"

"Hakuna, Sekela."

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nimekunywa, nakwambia."

Sekela akanusa. Alikuwa hana haja, ulanzi ulikuwa unanuka mpaka nje. Na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, pua yake na masikio yake vikamwambia jambo moja lile lile. Halafu akainuka, akaenda nyuma ya mlango, akachomoa mwiko kwenye kikapu, akarudi kusonga ugali. Kikapu chenyewe alikiacha pale pale, na mkeka ndani.

Kesho yake hakwenda. Kihwelo alizikusanya mbeta zake zote, akazisugua kwa mchanga, akazisuuza kwa maji ya moto, nyingine zilikuwa mbovu hazisafishiki, akazipasua zikawa kuni. Walimaji wakaja, wakapalilia kile kilichobaki, wakanyweshwa kibuyu chao kimejaa mpaka shingoni. Na kila jioni Kihwelo alisema mwenyewe kabla hajaulizwa. Leo sikunywa. Leo sikunywa. Leo nimekunywa, kwa shemeji yako, mbeta moja. Kila akisema kweli, hata ile ya aibu, Sekela alitoa kitu kimoja kwenye kikapu. Upawa ukatoka. Chungu kikatoka. Siku moja Kihwelo akadanganya, na Sekela akarudisha vitu viwili, bila kelele. Ikawa hivyo, kutoa na kurudisha, miaka mingapi sijui. Kuku naye akaacha kusema tangu alipolewa, kwa aibu, ndiyo maana mpaka leo ukimuuliza jambo anaangalia upande. Paka anajua kusema bado. Anangoja panya.

Mnataka kujua kama Sekela alimwamini mumewe mwisho wake? Siwezi kuwadanganya. Majina yale nimeyageuza, lakini kikapu sijakigeuza. Kiko nyuma ya mlango wangu, nendeni mkakiangalie kesho. Kimebaki na kitu kimoja, ushanga. Nimeuacha tu.

Eh, moto umezimika na watoto wanatetemeka. Mzee! Babu yao! Amka. Nipulizie moto, mume wangu.

"Moto si... eh, kweli umezimika. Unaninusa?"

Hapana. Nasikia baridi. Puliza.

Tazameni anavyopuliza. Fuu, fuu, fuu. Na mimi sogeeni nipite, nataka kukaa upande huu, upande wa moshi. Nimeshazoea kukaa huku, ndiko kwenye joto. Hadithi yangu imeishia hapo, makaa yanapoanza kushika. Anayeitaka aichukue, anayeishuku akamuulize paka.